Uzi: Siku 10 za mwanzo za kuacha sigara na kupangiana zamu na wenza (Mwanza mjini na mialoni)

MlindaZamu:

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni wa mtu aliyekwisha kuamua kuacha. Madhara ya sigara sitayagusa, mmeyasikia vya kutosha. Tuzungumze siku za mwanzo tu, maana ndipo watu wanapoangukia: kati ya wanaoacha bila msaada wowote, wengi hurudia ndani ya siku 8 za kwanza.

Kwanza tuijue arosto, yaani mwili kudai nikotini ulioizoea. Nikotini ni ya haraka kuingia na ya haraka kutoka. Ukivuta, inafika kwenye ubongo kwa sekunde 10 hadi 20. Baada ya hapo, kila zikipita saa 2 hivi, kiwango chake kwenye damu kinapungua nusu. Ndiyo maana mtu wa pakiti moja kwa siku akiamka anatafuta kiberiti kabla ya mswaki: usiku kucha mwili ulikuwa unaishiwa. Ukiacha kabisa, dalili zinaanza siku hiyohiyo: hasira za karibu, kutotulia, kichwa kuuma, njaa, usingizi wa kukatikakatika, akili kushindwa kukaa kwenye jambo moja. Siku ya 2 na ya 3 ndiyo kilele. Kisha zinashuka, na ndani ya wiki 2 hadi 4 sehemu kubwa imekwisha.

Hamu yenyewe haikai siku nzima. Inakuja kwa mawimbi. Wimbi moja kwa kawaida ni dakika 3 hadi 5, mara chache linafika 10, halafu linapita, uvute usivute. Anayelijua hilo anapambana na dakika 5. Asiyelijua anadhani atateseka hivyo mpaka kufa, anakwenda kibandani.

Sasa kosa kubwa. Mtu anawatangazia watu kumi kwamba anaacha, wote wanamjibu "Mungu akutie nguvu". Saa 5 usiku wimbi linampiga, na katika wale kumi hakuna hata mmoja aliyepangwa kupokea simu saa hiyo. Unachohitaji ni mtu wa zamu. Panga hivi:

Siku 3 kabla ya tarehe ya kuacha, weka kipande cha karatasi ndani ya pakiti. Kila ukivuta andika saa, mahali, na ulikuwa na nani. Ukiisoma siku ya 3 utaona zimerundikana sehemu chache: baada ya chai ya asubuhi, baada ya ugali, kwenye kusubiri kivuko cha Kamanga, jioni kijiweni. Chukua saa 3 zilizo mbaya kuliko zote, na kila moja uipe mtu mmoja kwa jina. Huyo ndiye mwenye zamu.

Halafu mkubaliane bipu. Bipu moja asubuhi maana yake nimeamka salama, huna haja ya kupiga. Bipu mbili mfululizo maana yake wimbi limekuja, nipigie. Mwenye zamu anapiga ndani ya dakika 3. Zikipita, unambipu wa pili kwenye orodha bila kumlaumu wa kwanza. Kwa bipu hata mwenye salio dogo anapata msaada.

Anayepiga haulizi "umevuta?" Anauliza "uko wapi, na mkononi una nini?" Kisha anamwambia asimame, aondoke hapo alipo, atembee huku wanaongea. Mpira, bei ya sato, shule za watoto, chochote. Dakika 5 zikiisha wanakata.

BodaPasiansi:

Mkuu, nondo nzito. Swali: dereva wa boda hawezi kuhama kijiwe, na kijiweni watu sita kati ya kumi wanavuta. Tena wengi wanakesha kwa enaji na kahawa. Huyu afanyeje?

NesiWaZamu:

Kaka, nianze na enaji na kahawa, maana ndiyo mtego usiotajwa.

Moshi wa sigara (moshi wenyewe, siyo nikotini) unalichochea ini liivunje kafeini haraka kuliko kawaida. Ndiyo maana mvutaji anakunywa vikombe vinne na analala vizuri. Akiacha sigara, ndani ya siku chache ini linarudi kwenye mwendo wake, na vikombe vilevile vinne vinakaa mwilini muda mrefu zaidi. Moyo unadunda, mikono inatetemeka, usingizi hauji. Yeye anadhani ni arosto imezidi, anarudi kwenye sigara, na kweli anatulia baada ya siku mbili tatu. Hapo anaamini mwili wake hauwezi kuishi bila sigara, kumbe tatizo lilikuwa kwenye birika.

Kwa hiyo siku ile unayoacha, kata kahawa nusu. Vikombe 4 viwe 2, na baada ya saa 8 mchana usinywe tena. Enaji iweke kando kabisa wiki 2 za mwanzo. Chai ya rangi nayo ina kafeini, ingawa kidogo. Maji ya moto ya tangawizi au mchaichai hayana, na yanaupa mkono kikombe cha kushika, jambo ambalo si dogo kwa mtu aliyezoea kushika kitu.

Jambo hilohilo linagusa baadhi ya dawa. Anayetumia theofilini kwa pumu, au klozapini au olanzapini kwa maradhi ya akili, amwambie daktari wake kabla ya kuacha, kwa sababu dozi ileile inaweza kuwa kubwa mno. Wa warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) naye aseme ili damu ipimwe, na wa insulini apime sukari mara nyingi zaidi. Asiache dawa wala asijipunguzie mwenyewe.

Kuhusu kijiwe: waambie wenzako sentensi moja tu, asubuhi ya kwanza, ukiwa umetulia: "Wiki hii msinipe hata nikiomba." Usihubiri. Ukihubiri watakutega. Ukiwaomba hivyo, mara nyingi wanakuwa walinzi wako. Na mwenye kibanda mwambie vivyo hivyo, maana sigara za moja moja ndizo zinazowamaliza watu. Mtu hanunui tena pakiti, ananunua "moja tu" kwa chenji iliyobaki mfukoni. Simama upande ambao upepo unatoka, pikipiki yako iwe ya mwisho kwenye mstari na siyo katikati ya benchi.

MlindaZamu:

Niongezee hapo kwenye mkono na mdomo. Mfuko wa shati uliokuwa unakaa pakiti usiuache mtupu, utaupapasa mara ishirini kwa siku. Weka mswaki wa mti, au karoti zilizokatwa urefu wa kidole, vipande 8 hadi 10 kwenye kimfuko. Miwa inayouzwa imekatwa tayari inafaa sana kwa sababu inachukua muda kutafuna, ila siyo kwa mwenye kisukari.

Na pumzi. Nusu ya raha ya sigara ni ile kuvuta ndani kwa kina na kuachia taratibu. Hiyo unaweza kuifanya bila moshi: vuta kwa pua ukihesabu 4, tulia kidogo, kisha toa kwa midomo iliyobanwa kama unapuliza uji wa moto bila kuumwaga, ukihesabu 6 au 7. Mara 10. Ukisikia kizunguzungu punguza kasi, umevuta haraka mno. Hizo mara 10 zinachukua karibu dakika 2, ndiyo karibu nusu ya wimbi.

KijanaBuhongwa:

Mimi naona kuacha kwa mkupuo ni kujitesa. Bora kupunguza taratibu, 20 ziwe 15, ziwe 10, mpaka ziishe.

FamasiaMdogo:

Mkuu, kupunguza kunafanya kazi kukiwa na tarehe ya mwisho iliyoandikwa, na isizidi wiki 2 hadi 4. Kunapoharibika ni hapa: mtu akitoka 20 akafika 8, zile 8 anazivuta mpaka kwenye kipisi, kwa mivuto mirefu, na moshi anaushikilia ndani. Nikotini inayoingia haipungui kwa kiasi kilekile cha namba. Anajihesabia ushindi wa namba wakati mwili haujaona mabadiliko makubwa hivyo. Zaidi ya hapo, zile chache zilizobaki ndizo tamu kuliko zote, anazingojea kama mshahara.

Ukitaka kupunguza, usipunguze idadi tu. Sogeza ile ya kwanza ya siku: leo saa 1 asubuhi, kesho saa 3, keshokutwa saa 5. Ile ya kwanza ndiyo inayoshika mnyororo wote.

Sasa dawa, maana watu wananiuliza. Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa mbadala za nikotini (bigijii na kibandiko) kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2009, na vidonge vya vareniklini na bupropioni mwaka 2021. Mwaka 2024 likatoa mwongozo wa tiba ya kuacha tumbaku kwa watu wazima, unaotaka dawa na ushauri wa watu viende pamoja. Kwa Mwanza, zipigie simu famasi kubwa za mjini kabla hujapanda daladala, na usipange tarehe kabla dawa haijawa mkononi.

Bigijii ya nikotini ipo ya miligramu 2 na ya 4. Kipimo ni rahisi: mtu anayevuta ya kwanza ndani ya dakika 30 baada ya kuamka aanze na 4. Anayeweza kukaa zaidi ya hapo, 2 inamtosha. Moja kila baada ya saa 1 au 2 kwa wiki 6 za kwanza, na usizidi 24 kwa siku.

Namna ya kuitafuna ndiyo wanayokosea karibu wote. Haitafunwi kama bigijii ya dukani. Tafuna polepole mpaka usikie ukali kama wa pilipili, au ufizi uwashe kidogo. Hapo acha. Ibane kati ya shavu na ufizi, uiache itulie. Mwasho ukipotea, kama baada ya dakika moja, tafuna tena mara chache, hamishia upande wa pili. Endelea hivyo dakika 30. Nikotini inaingia kupitia ngozi ya ndani ya mdomo. Ukitafuna mfululizo unaimeza na mate, inakwenda tumboni, unapata kwikwi, kiungulia na kichefuchefu, na kichwani hakuna kilichofika. Kisha mtu anasema dawa haifai. Pia dakika 15 kabla, na wakati ikiwa mdomoni, usinywe kahawa, soda wala juisi, maana ule uchachu unaizuia nikotini isipite.

Kibandiko cha nikotini: kwa anayevuta zaidi ya sigara 10 kwa siku, miligramu 21 kwa wiki 6, kisha 14 kwa wiki 2, kisha 7 kwa wiki 2. Kila asubuhi sehemu mpya, mkononi juu au kifuani, pasipo nywele. Kwa joto letu futa jasho kwanza mpaka ngozi ikauke, ukibandike, ukikandamize kwa kiganja sekunde 10. Kikikuletea ndoto kali, kitoe wakati wa kulala. Kilichotumika kikunje upande wa gundi kwa ndani na ukitupe mbali na watoto. Kibandiko kwa siku nzima pamoja na bigijii wakati wa wimbi vinasaidia kuliko kimoja peke yake.

Vareniklini na bupropioni ni za kuandikiwa na daktari, na zinaanza kunywewa wiki 1 hivi kabla ya tarehe ya kuacha. Mwenye kifafa asiguse bupropioni. Mjamzito, na aliyepata shambulio la moyo hivi karibuni, waanzie kwa daktari kabla ya dawa yoyote kati ya hizi.

KijanaBuhongwa:

Nimeelewa mkuu, hasa hapo pa kusogeza ya kwanza. Na ugoro je? Au shisha ya wikiendi ya kupozea?

FamasiaMdogo:

Hapana kwa vyote viwili. Ugoro ni nikotini ileile, uraibu unabaki pale pale na mdomo unaharibika. Shisha inaleta moshi mwingi kwa kikao kimoja, na kaboni monoksaidi ya mkaa juu yake.

Mama_Igoma:

Jamani na sisi wa nyumbani? Baba watoto akiacha, siku ya 3 nyumba haikaliki, kila neno ni ugomvi. Tumsaidieje?

NesiWaZamu:

Dada, shikilia kalenda. Siku ya 2 mpaka ya 4 msipange mazungumzo mazito: ada, mashemeji, deni la kikoba. Siyo kwamba yafichwe, yasogezwe mpaka wiki ya pili. Akiwaka, usimjibu na usimwambie "si bora uvute tu". Neno hilo limewarudisha watu wengi, kwa sababu linasemwa na mtu wanayempenda. Mwambie atoke azunguke mtaa mara moja, arudi.

Toa visahani vya majivu, viberiti na mashati yenye harufu, vifuliwe siku moja kabla.

Chakula: njaa itaongezeka na choo kinaweza kuwa kigumu, maana nikotini ilikuwa inasukuma utumbo. Papai asubuhi, mboga za majani kila mlo, maji ya kutosha. Wengi wanaongezeka kilo 4 hadi 5 katika mwaka wa kwanza, kwa hiyo karanga na karoti ziwe karibu kuliko mandazi. Baada ya kula asiendelee kukaa pale mezani, ainuke akaoshe sahani au apige mswaki. Dakika zile za baada ya ugali ni mbaya.

Kutembea kunapunguza hamu kweli. Kupanda taratibu kuelekea Bugando au kuzunguka Capri Point dakika 15 kunatosha. Kuogelea pembezoni mwa ziwa sishauri, kichocho kipo, hasa kwenye maji yaliyotulia yenye majani.

Huzuni kidogo ni kawaida. Ikiwa nzito, hataki kula, hataki watu, au anazungumzia kujidhuru, huyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo, asisubirishwe.

BodaPasiansi:

Kikohozi kinachoongezeka baada ya kuacha kinatisha watu. Wanasema sigara ilikuwa inawasafisha kifua.

NesiWaZamu:

Ndani ya njia ya hewa kuna vinyweleo vinavyofagia uchafu kwenda juu. Moshi unavilaza. Ukiacha vinaamka na kuanza kutoa makohozi yaliyolala, kwa hiyo wiki za kwanza mtu anaweza kukohoa zaidi. Maji ya uvuguvugu yanasaidia. Lakini kikohozi cha wiki 2 na zaidi, au chenye damu, homa za jioni, jasho la usiku au kukonda, kapime kifua kikuu. Kwenye vituo vya serikali kipimo na dawa ni bure. Usikae nacho ukisema ni sigara inatoka.

NyavuNaTanga:

Wakuu, mmeongea ya mjini. Huku mwaloni, wanakoshushia wavuvi, mambo ni mengine. Wavuvi wa dagaa wanakesha ziwani usiku wa giza, baridi inapiga, sigara ndiyo inayowaweka macho. Na kule katikati ya maji mtandao hakuna, hiyo bipu itapigwa kwa nani?

Ushauri wangu: tarehe ya kuacha iwekwe mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti dagaa vizuri, watu wanapumzika nchi kavu siku kadhaa. Kilele cha siku ya 2 na 3 kinamkuta mtu amelala kitandani kwake.

MlindaZamu:

Mkuu, hapo nakuunga mkono nusu. Mbalamwezi ndipo hesabu zinapofanywa, mfukoni kuna hela, na hakuna kazi. Jioni yote ni bia. Pombe na sigara vimeshikana kuliko vitu vyote tulivyotaja: glasi ya pili tu inatosha kulegeza uamuzi. Mtu akiacha sigara siku ya mgawo atadumu mpaka saa 2 usiku.

NyavuNaTanga:

Kweli kabisa. Basi isiwe siku ya mgawo. Iwe siku ya 2 au ya 3 ya mapumziko, vinywaji vikishapita, na hela ikabidhiwe nyumbani. Pombe ikae pembeni angalau wiki 2, ikiwezekana 4.

Na kazi ipo: kushona nyavu. Hakuna kazi inayomfaa anayeacha kama hiyo. Mkono wa kushoto umeshika jicho la wavu, wa kulia una sindano, macho yanatafuta tundu linalofuata. Ukitaka kuwasha sigara lazima uweke vyote viwili chini. Watu wawili wakae wavu mmoja, huyu upande huu na yule upande ule, siyo kila mtu kwake.

NesiWaZamu:

Nimependa hilo la wavu mmoja. Kwa mjini linafanana na fundi cherehani au muuza duka: kazi ya mikono miwili iwekwe kwenye saa yako mbaya. Madereva wa Sengerema nao, tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe 2025, ile saa ya kusubiri kivuko cha pale iliyokuwa ya sigara tatu haipo tena. Wasiitafutie sehemu nyingine ya kusimama.

Mama_Igoma:

Na akiteleza? Amevuta moja, basi anaona kazi yote imeharibika.

MlindaZamu:

Dada, hilo kundi lote la wenza wa zamu lilijue kabla ya siku ya kwanza. Mvuto mmoja au sigara moja, hatua ni hizi, ndani ya saa ileile: aizime hata kama haijafika nusu, iliyobaki ailoweshe maji, asiiweke "ya akiba". Ambipu mwenye zamu. Mwenye zamu aulize mambo matatu tu: ilikuwa saa ngapi, wapi, nani alikupa. Hayo yanaandikwa, na sehemu hiyo inapewa mtu wa zamu kuanzia kesho. Hesabu ya siku isirudishwe sifuri. Ukimwambia "umeanza upya" anasema basi nimalizie pakiti, nianze Jumatatu. Hiyo Jumatatu inaweza kuwa mwakani.

Na kundi hilo la kwenye simu lisizidi watu 6 hadi 8. Likifika 20 linageuka la salamu na video, ujumbe wa mwenye shida unapita juu hakuna aliyeuona. Wanaovuta bado wasiwemo, hata wakiwa marafiki. Aliyeacha kwa mwezi mmoja au miwili ndiye mwenye zamu bora, bado anakumbuka siku ya 3 ilivyo. Wenza wawili wanaoacha siku moja ni wazuri pia, lakini kilele kinawakuta pamoja, kwa hiyo lazima awepo wa tatu aliyekwisha vuka.

NyavuNaTanga:

Mkuu, malizia na mtumbwi. Wavuvi wanne, wawili wanaacha. Mapumziko yameisha, giza limerudi, wanaingia ziwani wakiwa siku ya 6 au ya 7.

MlindaZamu:

Kabla ya kushuka majini wakubaliane na wale wawili wanaovuta mambo mawili: sigara zivutiwe upande wa nyuma, na hakuna kumpa anayeacha hata akidai. Wanaoacha wakae mbele, pamoja.

Chupa ya maji ya tangawizi ya moto, lita 1 kwa wawili, kahawa isiwemo. Karanga za kukaanga, karoti, koti zito na kofia, maana baridi ndiyo kisingizio cha kwanza. Saa mbaya ni mbili: baada ya taa kutegwa, watu wanangoja dagaa wakusanyike, na alfajiri baada ya kuvuta wavu, watu wamechoka na wameshiba furaha ya mzigo. Saa ya kwanza mmoja anakuwa na zamu, ya alfajiri ni mwenzake. Bipu hakuna, kwa hiyo wanatumia kugonga: kugonga ubao mara mbili maana yake wimbi limekuja. Mwenye zamu anamsogelea, wanapuliza zile pumzi 10 pamoja, kisha anampa kazi ya mkono, kuchota maji yaliyoingia mtumbwini au kupanga kamba. Ayachote yote mpaka kopo likwangue ubao. Dakika 5 zinakuwa zimepita.

NyavuNaTanga:

Safi mkuu. Mbalamwezi hii wapo wawili huku Igombe. Natafuta wa tatu aliyekwisha vuka, anayeweza kupokea bipu kuanzia saa 11 alfajiri mpaka saa 1 asubuhi, wakati wa kurudi nchi kavu. Aliye tayari aniandikie ndani.